Jani la Muhogo Butula, na Neno Moja la Mama

AKINYI: Hamjambo popote mlipo. Tuko Kisumu, mvua imekatika sasa hivi, mkisikia pikipiki zikipita nje mtuvumilie. Mwenzangu Barasa amerudi jana kutoka Butula, kule Busia, na habari za mihogo.

BARASA: Mihogo ya shangazi. Majani yalianza kujikunja na kuingia mabaka ya manjano, yeye akadhani ni jua. Binamu yangu akatoa simu yake, kioo kimepasuka pembeni, akafungua programu inayoitwa Nuru na kuielekeza kwenye jani. Ukingoja kidogo, vijisanduku vinatokea kwenye kioo, vinazunguka mahali penye dalili. Ikasema ni ugonjwa wa batobato.

AKINYI: Na mtandao huko shambani upo?

BARASA: Pale hakuna, na hapo ndipo nilipoiheshimu. Inafanya kazi bila intaneti, na inaongea Kiswahili. Ni kazi ya PlantVillage, ya Chuo Kikuu cha Penn State huko Marekani, pamoja na watafiti wa mihogo wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto. Matokeo ya kuipima yalichapishwa 2020: kwa kutambua ugonjwa kwenye jani, Nuru ilipatia asilimia 65, maafisa wa kilimo kati ya 40 na 58, na wakulima wenyewe kati ya 18 na 31.

AKINYI: Lakini 65 bado ni kukosea karibu mara moja katika kila tatu.

BARASA: Ndiyo maana hupimi jani moja ukaondoka. Ukipima majani sita ya mmea mmoja, usahihi wake unapanda, unafika kati ya asilimia 74 na 88. Binamu alishafunga programu baada ya jani la kwanza. Nikamwambia rudi, rudi hapo, hayo matano yamebaki.

AKINYI: Shangazi alisemaje?

BARASA: Aliuliza dawa. Na dawa haipo, Akinyi. Ni virusi, vinaenezwa na nzi weupe, na vile vijiti tunavyopeana majirani wakati wa kupanda. Unang'oa mmea, unatafuta mbegu safi. Mbegu safi simu haina. Tuliketi chini ya mwembe tukitaja mashamba ya jirani mmoja mmoja, nani lake halijaguswa. Watu wakiisifu akili unde, hii AI iliyo ndani ya Nuru, kana kwamba kujua ugonjwa ndiko kupona, mimi huwa naumia.

AKINYI: Walau ilimwambia kwa lugha anayoielewa.

BARASA: Kiswahili anakielewa, ila mambo ya shamba huyasema kwa Kimarachi, Kiluhya cha kwao. Aliinamia simu akaiuliza swali lake kwa Kimarachi. Kimya. Binamu ikabidi awe mkalimani.

AKINYI: Hapo umenigusa. Mama yangu ni Dholuo tu, yaani Kijaluo. Kilipoingia Google Translate, Juni 2024, nilifurahi sana. Lakini chukua neno *kendo*. Kwa maandishi ni lile lile moja: mafiga ya kupikia, kuoa, na tena. Kinachoyatenga ni matamshi. Mama hawezi kuyachanganya hata akiwa usingizini. Mashine iliyolishwa maandishi peke yake inabaki kukisia kwa maneno yaliyo kando.

BARASA: Kwa hiyo inataka kusikia watu.

AKINYI: Watu wa huku. Na kazi hiyo ilianza hapa karibu tu, Maseno. Chuo Kikuu cha Maseno, kile cha Nairobi na Africa Nazarene walikusanya Kencorpus, hazina ya maandishi na sauti za lugha: Kiswahili, Dholuo na Kiluhya. Kiluhya chenyewe kwa lahaja tatu, Kibukusu, Kilogooli na Kimarachi.

BARASA: Kimarachi kimo?

AKINYI: Kimo! Sasa sikiliza. Sauti walizorekodi, lugha zote kwa pamoja, ni saa 177. Whisper, ule mfumo wa OpenAI wa kugeuza sauti kuwa maandishi, ulipotoka 2022 ulikuwa umefunzwa kwa saa 680,000.

BARASA: 177 ni kama wiki moja ya mtu kuongea bila kulala.

AKINYI: Wiki moja. M-Pesa ilipokuja 2007 tuliipokea haraka kwa sababu ilimkuta mtu na kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, mkononi, na wakala yuko dukani pale njiani. Akili unde nayo lazima imkute mtu na mdomo wake. Na hakuna atakayetuletea midomo yetu kutoka nje.

BARASA: Utarekodi nyumbani?

AKINYI: Nilimwomba mama. Akaniuliza: sauti yangu ikitoka kwenye simu hii inakwenda kukaa wapi, na nani ataitumia?

BARASA: Ukamjibu nini?

AKINYI: Kwamba sibonyezi kitu kabla sijaja na ile karatasi ya ruhusa, nimsomee mstari kwa mstari kwa Dholuo, na akikataa tuache. Amesema niende Jumapili, kanisa likitoka.