Mlango Uliofungwa: Psycho na Watazamaji Wake

Mabibi na mabwana, nimechagua kuizungumzia filamu ya Psycho ya mwaka 1960, lakini kisu na bafu, yaani yale mauaji ya bafuni ambayo kila mtu anayajua, nitavigusa kidogo tu. Ninachotaka tukitazame ni mlango wa ukumbi wa sinema.

Mwongozaji wa filamu hiyo, Alfred Hitchcock, alipoipeleka hadithi hii kwa studio ya Paramount, wakubwa wa huko hawakuifurahia. Basi akaigharimia kupitia kampuni yake mwenyewe kwa dola 800,000 hivi, akauacha ujira wake ili amiliki asilimia 60 ya filamu, akaipiga kwa nyeusi na nyeupe, na akawatumia mafundi wa kipindi chake cha televisheni, waliozoea kazi ya haraka isiyo na gharama kubwa. Damu ile ya bafuni ni rojo la chokoleti. Muziki wa Bernard Herrmann ni wa vyombo vya nyuzi peke yake, na mwongozaji alikusudia mauaji yale yasiwe na muziki kabisa, hadi aliposikia alichotungiwa. Heri hakuwa mbishi.

Sasa twende mlangoni. Siku zile, nchini Marekani, watu wengi waliingia sinema saa yoyote, wakatazama kuanzia katikati, kisha wakasubiri filamu irudiwe ili waone mwanzo wake. Kwa Psycho mazoea hayo yangeharibu kila kitu, kwani Janet Leigh, nyota aliyewavuta wanunuzi wa tiketi, anauawa kabla filamu haijafika nusu, na aliyechelewa angekaa kumngojea marehemu. Hitchcock akaagiza asiingie mtu filamu ikishaanza. Wenye kumbi walihofia hasara, lakini walichopata ni foleni ndefu, na naamini kule kusimama nje kulikuwa kumeshaanza kuwatia watu hofu kabla hawajaona picha hata moja.

Wahakiki nao hawakuonyeshwa mapema. Waliketi pamoja na umma. Bosley Crowther wa New York Times aliandika kwamba ilikuwa dhahiri ni kazi ya bajeti ndogo, kisha mwisho wa mwaka akaiweka miongoni mwa filamu zake kumi bora. Sioni kwamba alijipinga. Mara ya kwanza alikuwa amepima fedha. Baadaye alipima kilichowapata watu waliokuwa wamefungiwa naye ndani.