Chujio Lililochoka Halikuambii

Mhadhara kwa wazazi na wenye ploti, Njoro, Kaunti ya Nakuru

Wazee wetu, akina mama, akina baba, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma, hamjambo? Asanteni kwa kuacha kazi za Jumamosi mkaja. Nimeombwa nizungumze kuhusu machujio na mashine za kusafisha maji ya nyumbani, jinsi ya kuyatumia na kuyatunza. Nitaanza na kitu ambacho baadhi yenu mmeshaonyeshwa mlangoni kwenu.

Kifaa hiki nilichoshika kina vijiti viwili vya chuma na waya wa stima. Muuzaji akija nyumbani huomba glasi mbili. Moja anaijaza maji yako ya mfereji, ya pili anaijaza maji aliyokuja nayo. Kisha anatumbukiza vijiti, anawasha. Wacha niwashe. Sogeeni kidogo, watoto wakae mbele, lakini mikono iwe mbali. Mnaona glasi ya maji ya mfereji? Imeanza kuwa ya manjano, sasa kahawia, na juu panaelea povu la kutu. Ile ya muuzaji imebaki vilevile. Mama akiona hivyo, na mwanawe amekaa hapo kwenye kochi, atatafuta pesa siku hiyohiyo, hata za kukopa.

Sasa nazima, nachukua ile glasi iliyobaki safi, natia chumvi ya mezani, chembe chache tu. Nakoroga, narudisha vijiti, nawasha. Haya, semeni wenyewe mnaona nini. Kahawia! Rangi hiyo haikuwa ndani ya maji. Imetoka kwenye chuma cha kijiti. Stima ikipita katika maji yenye madini, chuma kinaliwa na kugeuka kutu. Maji yasiyo na madini hayapitishi stima vizuri, kwa hiyo chuma hakiliwi. Kifaa hiki hakijakuonyesha kijidudu hata kimoja, wala hakijakuonyesha floraidi, yale madini ambayo yakizidi huyatia meno ya watoto madoa. Kinachoniuma ni kwamba kuna familia zimenunua mashine ya bei kubwa kwa kuogopeshwa na kutu ya kijiti, na pengine mashine yenyewe haihusiani kabisa na tatizo lililo ndani ya maji yao.

Tatizo la maji yetu hapa tunalijua, liko kwenye meno ya watoto. Mtoto anacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Anapiga mswaki asubuhi na jioni, na kahawia haitoki, kwa sababu si uchafu. Mawe ya Bonde la Ufa ni ya volkano, na maji yanayokaa ndani yake muda mrefu huyeyusha floraidi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Visima vingi vya ukanda wetu hupita hapo, vingine mara kadhaa. Tena kisima chako na cha jirani vinaweza kutofautiana, kwa hiyo usichukue kipimo cha jirani ukakifanya chako. Maji ya mto kwa kawaida huwa na floraidi kidogo, na ya mvua karibu hayana. Mjini Nakuru mfereji hubeba ya visima virefu na ya mito, kwa hiyo mtaa na mtaa hutofautiana.

Jino huharibika likiwa bado linaumbwa ndani ya ufizi. Likitokeza na madoa, kazi ilishamalizika zamani. Ndiyo maana wasiwasi wangu mkubwa ni watoto wa chini ya miaka minane. Kama uwezo wako ni wa mtungi mmoja tu wa maji yasiyo na floraidi kwa siku, basi uwe wa uji wao, chai yao na maji yao ya kunywa. Sisi watu wazima meno yetu yalishaumbika, ingawa anayekunywa floraidi nyingi mno kwa miaka mingi hudhurika mifupa na viungo.

Najua akina mama wengi hapa mnachemsha. Endeleeni, kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara. Hapa Njoro tuko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yakishatokota sawasawa yaache dakika tatu. Ndugu yako aliye Nakuru mjini, dakika moja inamtosha. Lakini floraidi haipandi na mvuke. Chukua lita tano zenye miligramu 4 kwa lita, uzisahau jikoni mpaka zibaki lita nne. Mvuke umeondoka, floraidi imebaki yote, na sasa kila lita ina miligramu 5. Klorini nayo haiiondoi. Mshumaa wa udongo, yaani lile chujio la udongo wa kuchoma lenye umbo la mshumaa, hauiondoi, taa ya kuua vijidudu haiiondoi, hata mkaa wa kawaida ulio kwenye machujio mengi ya dukani hauiondoi, ijapokuwa unaondoa harufu na ladha ya klorini.

Kinachoiondoa nyumbani ni vitu viwili hasa: mashine ya utando, ile inayosukuma maji kwa nguvu kupita katika ngozi nyembamba sana, na mkaa wa mifupa. Nitakaa zaidi kwenye mkaa wa mifupa kwa sababu ni wa kwetu. Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza kuufanyia kazi mwishoni mwa miaka ya 1990. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa hewa kidogo, joto likidhibitiwa, kisha inasagwa kuwa punje na kuoshwa. Tafadhali usijichomee nyumbani. Mifupa isiyoiva hutia maji harufu na rangi, na iliyoungua kupita kiasi haishiki floraidi vizuri. Anayejali mifupa ilitoka wapi, kwa sababu za dini, amuulize muuzaji kabla ya kulipa.

Punje hizo zina nafasi za kushika floraidi, kama viti vya matatu. Viti vikiwa wazi, kila abiria anayekuja anakaa. Vikijaa, wengine wanapita. Lakini chujio halina kondakta wa kukuambia limejaa! Maji yatatoka kwa kasi ileile, yana ladha ileile, yanang'aa vilevile, na mtoto anakunywa floraidi kama ya kisimani. Chujio la tope likiziba utaona maji yanachelewa. La mkaa wa mifupa likichoka huoni lolote. Nikiulizwa nichague jambo moja mkumbuke leo, ni hilo.

Kwa hiyo tunapiga hesabu. Katika matumizi ya kawaida kilo moja ya mkaa huu hushika takriban gramu moja ya floraidi kabla maji hayajaanza kuvuka ile miligramu 1.5 kwa lita. Tuseme ndoo yako ina kilo 10. Hizo ni gramu 10, yaani miligramu 10,000. Kisima chako kina miligramu 5 kwa lita. Gawanya: lita 2,000. Familia inayotumia mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika itamaliza hizo kwa siku 100, miezi mitatu na kitu. Jirani mwenye kisima cha miligramu 2.5 atakaa na ndoo ileile karibu miezi saba. Ndiyo maana ukimwuliza muuzaji, "Hili linakaa muda gani?" naye akakujibu papo hapo bila kukuuliza maji yako yana floraidi kiasi gani na unatumia mitungi mingapi, jibu hilo usilitegemee. Hesabu hii ni ya kukadiria. Inakuambia lini uanze kupima, na kipimo ndicho kinachoamua. Andika tarehe kwa kalamu isiyofutika kwenye ubavu wa ndoo, isiwe kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Usilazimishe maji yapite haraka, punje zinahitaji muda wa kushika. Na mkaa huu hauui vijidudu, kwa hiyo maji yakishapita hapo ndipo uchemshe au utie klorini.

Kabla sijatoka kwenye floraidi, kuna magadi. Wengi tunayatia kwenye githeri, maharagwe au mboga za kienyeji ili ziive haraka. Magadi ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi. Unaweza kununua chujio, ukalitunza vizuri, halafu ukairudisha floraidi yote kwa kijiko. Loweka maharagwe usiku kucha, yataiva bila magadi.

Sasa vijidudu. Nimekuja na mshumaa huu wa udongo uliotumika. Unaona umekuwa wa kijani na kahawia, na mwenyewe aliniambia maji yanatoka kidogo sana. Huo si ugonjwa, tope limeziba vitundu. Nanawa mikono kwanza kwa sabuni. Nauondoa, naushika kwenye shina, nausugua chini ya maji safi kwa brashi laini, kutoka juu kuja chini, taratibu. Sabuni hapana, inaingia ndani ya vitundu na kukaa humo. Sifongo cha chuma hapana, kinakula udongo. Tazama, weupe umerudi. Kila ukisugua unakuwa mwembamba kidogo, kwa hiyo usisugue kwa mazoea, sugua maji yakipungua kasi. Maji yenye tope yaache yatulie usiku, uyachuje kwa kitambaa safi kabla ya kuyamimina, na mshumaa utakaa sana.

Baada ya kuusafisha, ulowanishe vizuri, uuzamishe wote majini, shina libaki nje, kisha pulizia shina kwa mdomo. Viputo vikitoka mfululizo sehemu moja, hapo pana ufa au gundi imeachia. Tupa, nunua mwingine. Ufa ambao jicho halioni ni mlango mpana kwa bakteria. Na ukiona chujio lililokuwa likitiririka polepole limeanza ghafla kutoa maji kwa kasi, usifurahi. Lifungue ulikague.

Ndoo ya chini, ile inayopokea maji yaliyopita kwenye mshumaa, ndiyo inayoangusha watu wengi. Juu kumesafishwa, mshumaa mzima, halafu mtu anafunua ndoo ya chini na kuchota kwa kikombe alichokishika kwa vidole. Maji yachotwe kwa bomba tu. Kila wiki ioshe kwa sabuni, suuza, kisha pitisha maji yenye klorini mpaka yatokee kwenye bomba lenyewe, kwa sababu utelezi hujificha ndani ya bomba. Usiipanguse kwa kitambaa cha jikoni, iache ikauke yenyewe.

Mashine za stima nitazipitia haraka. Zile za utando zina chujio la tope na chujio la mkaa mbele yake. Mkaa upo pia kwa kuulinda utando, maana klorini inauharibu. Ukiahirisha kubadilisha mkaa wa bei nafuu utalipia utando wa bei ghali. Pima chumvi za maji yanayoingia na yanayotoka kwa kile kipimo kidogo cha mkononi, uandike. Tofauti ikianza kupungua mwezi hadi mwezi, utando unachoka. Kipimo hicho hakisomi floraidi yenyewe, kwa hiyo usikitumie kuamua kama maji ya kisima yanafaa kununuliwa. Maji yanayotupwa na mashine yachukue uoshee sakafu. Zile za taa zinahitaji maji yaliyo safi machoni, kwa sababu kijidudu hujificha nyuma ya tope, na taa nyingi hubadilishwa kila mwaka hata kama bado inawaka. Stima ikipotea, chemsha.

Mzee mmoja mwenye ploti ameuliza kama aweke chujio kwenye tangi la wapangaji wote. Mzee, kwa floraidi utapoteza pesa. Floraidi inadhuru ikimezwa, haipiti kwenye ngozi kwa kuoga wala kwa kufua. Safisha maji ya kunywa na kupikia peke yake. Kama una pesa ya tangi, weka mifereji kwenye mabati uvune mvua, uyamwage maji ya kwanza yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Hata kuchanganya nusu mvua nusu kisima kunapunguza floraidi karibu nusu.

Na wewe dada uliyeuliza kama umpelekee nyanya yako wa Dunga, Kisumu, mkaa wa mifupa, swali lako ni zuri. Shida yao ya maji ya Ziwa Victoria si hii yetu. Ni tope, vijidudu, na nyakati fulani ule mwani wa kijani unaotanda kwenye Ghuba ya Winam. Mwani huo unaweza kuwa na sumu, na kuchemsha hakuiondoi, kunaupasua mwani na kuitoa nje. Mwambie nyanya asichote palipo na utando wa kijani, atafute maji ya mfereji au ya mvua siku hizo. Siku nyingine ayaache maji yatulie, ayachuje, kisha klorini kama chupa inavyoelekeza, na asubiri dakika 30. Usimpelekee mkaa wa mifupa kwa sababu tu umekusaidia hapa.

Mlioleta maji ya kupima, njooni kwenye meza hii. Chupa iwe ya plastiki, si ya kioo, kwa sababu floraidi hushambulia kioo na kipimo kinaharibika. Isuuze mara tatu kwa maji yaleyale unayoyaleta kabla ya kuijaza. Wenye machujio walete chupa mbili, moja ya maji kabla ya chujio na moja ya baada, na kila moja iandikwe ni ipi, imetoka kisima gani, na chujio lilianza kutumika lini. Wasio na chupa, kijana yule wa shati la buluu anazo.