Mbwa wa shelta naye anataka kazi ya kufanya

Ndugu zangu habari za mchana, asanteni kwa kuja, naona wengine mmetoka Entebbe na wengine Bombo na jua lote hili, karibuni. Walio nyuma sogeeni mbele kidogo, leo nitaonyesha jinsi ya kutengeneza toi za mbwa na paka wa shelta, ni vitu vidogo vya mkononi.

Nianze na mbwa mmoja. Tulimwita Kadogo. Aliletwa kwenye shelta ninayojitolea, ile nyumba ya kutunzia mbwa na paka wasio na mwenyewe, baada ya kugongwa na boda, mguu umefungwa, na siku nne nzima anaangalia ukuta tu, chakula hagusi mpaka watu waondoke. Mimi nikadhani ni maumivu, kumbe daktari wa mifugo akasema mguu unapona vizuri, huyu ana woga. Basi siku ya tano nikavua fulana niliyoshinda nayo, jasho tupu, nikaiacha mlangoni kwake nikaenda zangu. Asubuhi nimemkuta ameiburuta mpaka kona yake, kidevu juu ya mkono wa fulana, na aliponiona mkia ukagonga sakafu, mara moja, mara mbili. Hatukuwahi kuuona ule mkia ukicheza.

Sasa watu huniuliza, mbwa atengenezewe toi na watoto wetu hawana? Ni swali la haki kabisa. Lakini sisi hatununui kitu. Nani hapa hakucheza mpira wa maganda makavu ya mgomba utotoni? Mikono ile ile iliyosuka mpira ule ndiyo naitaka leo.

Na sio anasa jamani. Mbwa dunia yake iko puani, ukimfungia kwenye chumba cha simenti kinachonuka dawa tu, hana cha kunusa, hana cha kutafuna, anaanza kuzunguka palepale, anabweka kutwa, analamba mguu mpaka unatoka kidonda. Halafu anakuja mtu anatafuta mbwa wa kuchukua nyumbani, anamwangalia dakika mbili anasema huyu mkali, anaondoka. Sio mkali, amechoka kukaa bure! Hata pale Ngamba, kile kisiwa cha sokwe yatima kwenye Ziwa Victoria kilichoanza 1998, sokwe wana msitu wa kuzunguka mchana na usiku wakirudi ndani wana machela za kamba za kulalia. Kumpa mnyama chakula peke yake hakutoshi, hilo wanaofuga sokwe walishalijua zamani.

Haya, angalieni hapa. Fulana ya mitumba, hata imetoboka. Unakata vipande vitatu upana wa vidole vitatu, unafunga fundo, unasuka kama nywele, ukibana kwelikweli, unamaliza na fundo lingine. Urefu kama mkono kuanzia kiwiko mpaka vidole. Hiyo ni ya kuvuta na kutafuna.

Hii nyingine ndiyo naipenda kuliko zote. Trei ya mayai ya karatasi, unaweka vipande vya posho, yaani ugali, kwenye vishimo, unanyunyiza mukene, wale dagaa wadogo, iliyopondwa, unafunika na trei nyingine. Mbwa atanusa, atakwaruza, atachana, na chakula cha dakika moja kinageuka shughuli ya muda mrefu, akimaliza analala usingizi mzito. Ila kaa karibu umwangalie, wengine wanataka kumeza na trei yenyewe, huyo mnyang'anye.

Paka yeye mpeni boksi. Boksi tu, limekatwa mlango. Kule Utrecht, Uholanzi, watafiti walichapisha 2014 kwamba paka wapya wa shelta waliopewa boksi la kujificha walitulia haraka kuliko wasiopewa, na mimi sishangai, paka akiwa na pa kujificha ndipo anapata moyo wa kutoka.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwaka wangu wa kwanza nilishona panya wa soksi nikamwekea mkia wa uzi wa sufu, mtoto wa paka akaumeza ule uzi, ukajikunja kwenye utumbo, akapasuliwa. Alipona, lakini lilikuwa kosa langu na bado linaniuma. Kwa hiyo hakuna uzi, hakuna vifungo, hakuna raba bendi, hakuna kavera, yaani mifuko ya plastiki. Matairi yenye waya acheni. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia hapana, inapasuka kama miiba.

Kuna na parvo, ugonjwa unaomaliza watoto wa mbwa, kirusi chake kinakaa kwenye vitu miezi mingi na sabuni peke yake hakiisikii. Kitambaa kikishatumiwa na mbwa kioshwe kwanza, kisha kilowe kwenye jiki, kikombe kimoja kwa vikombe 30 vya maji, dakika kumi, suuza, anika juani. Cha karatasi kikitumika kinachomwa, hakihamishwi kwa mbwa mwingine.

Mikasi iko mezani na gunia la fulana liko pale mlangoni, kaeni wawili wawili. Na ukitaka kuleta fulana yako mwenyewe, ilale na wewe usiku mmoja kwanza, usiifue, isipokuwa kama nyumbani una mbwa ambaye hajachanjwa, hapo tafadhali iache hukohuko. Mama pale mbele, wewe anza kukata, nakuja kukushikia upande ule.