Mtoto Mwenye Degedege Apimwe Sukari

Ndugu zangu matabibu, wauguzi na wahudumu wa afya wa vijijini, walionisikia mwaka jana watanisamehe, maana nimekuja tena na sukari yangu, ile ya damu ya mtoto mwenye malaria kali. Malaria mnaijua, kwa hiyo habari za mbu nitaziruka.

Nilipokuwa kijana kazini, katika hospitali moja ya wilaya, aliletwa usiku mtoto wa kike wa miaka mitatu, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa bibi yake aliyepakiwa nyuma ya baiskeli. Bibi alieleza kwamba degedege lilikuwa limemshika mara mbili tangu alasiri, na kwamba walianzia kwa mganga, aliyemfukiza kwa kinyesi cha tembo. Damu ilionyesha vijidudu vya malaria. Tukamtundikia dripu ya kwinini, nikaandika faili kwa mwandiko mzuri, nikaenda kunywa chai. Alfajiri mtoto alikuwa bado hajafumbua macho, na paji lake limelowa jasho la baridi. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima asiyekuwa na subira na vijana wenye vyeti, akaniuliza kama nimempima sukari, nami nikamjibu kwamba tatizo lake ni malaria. Hakubishana nami. Alimtoboa mtoto kidole, akasubiri, kisha akanisogezea kipimo hadi puani: milimoli 1.1 kwa lita. Tulimpa glukosi ya mshipani, na jua lilipochomoza alikuwa anamwita bibi yake. Chai yangu, nakumbuka vizuri, ilikuwa na vijiko vitatu.

Mtoto wa namna ile hajala tangu jana, akiba ya sukari iliyomo katika ini lake ni ndogo, ini lenyewe linashindwa kutengeneza nyingine, vijidudu navyo vinakula sukari hiyo hiyo, na kwinini juu yake huuchochea mwili kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Sukari ikishuka chini ya milimoli 2.2 kwa lita, huweza kuleta kuzimia na degedege, yaani dalili zile zile tunazozipa jina la malaria ya ubongo kisha tukafunga faili.

Najua yupo anayenong'ona huko nyuma kwamba vijiti vya kupimia vimeisha. Vimeisha, na hilo lina wa kulijibia. Lakini pasipo na kijiti, mtoto asiye na fahamu huhesabiwa kuwa sukari yake imeshuka, akatibiwa hivyo. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, kilicholoweshwa kwa tone moja au mawili ya maji, kiwekwe chini ya ulimi, mtoto akiwa amelazwa ubavu, na kirudiwe kila baada ya dakika 10 hadi 20. Anayehofu kwamba atapaliwa anisikilize vizuri: nimesema tone, sikusema kikombe. Kisha apimwe tena baada ya nusu saa, kwani sukari iliyopanda saa mbili huweza kuwa imeporomoka saa nne.

Mwingine atasema kwinini tumeshaiacha. Ni kweli: utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo, ulikuta vifo vya asilimia 8.5 kwa waliopewa artesuneti, dawa iliyochukua nafasi yake, dhidi ya asilimia 10.9 kwa waliopewa kwinini. Lakini artesuneti, bwana mkubwa, haimlishi mtoto.

Naonyeshwa saa. Upungufu wa damu, basi, naupitia mbio: mtoto mwenye viganja vyeupe, hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, chini ya gramu 5 kwa desilita na pumzi za kasi anahitaji damu, na msimmiminie maji ya dripu kwa haraka kwa kuwa tu mikono yake imepoa, kwani utafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania uliotoka mwaka 2011 ulionyesha kwamba maji ya namna hiyo yaliongeza vifo. Dawa ya kupitishia njia ya haja kubwa kabla ya rufaa, na ulemavu unaobaki baada ya kupona, nilikuwa nimeviandalia kurasa sita, namwachia katibu.

Kwa dakika iliyobaki, nyosheni mikono wale ambao wodi yenu ina kipimo cha sukari kinachofanya kazi usiku huu. Msishushe, nahesabu. Saba.