"Ulilala Saa Ngapi?": Dodoso la Usingizi Mikononi mwa Wauguzi

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za kazi. Naona wengine mmetoka zamu ya usiku mkapitiliza hapa. Atakayesinzia sitamwamsha, maana nyinyi ndio mada yenyewe.

Niliwahi kumpa muuguzi wa wodi ya wazazi dodoso lililotafsiriwa. Alipofika penye "Ulilala saa ngapi?" akaweka kalamu chini. "Mwalimu, jana nililala wodini. Nijaze hiyo?" Mnacheka kwa sababu mnajua: kulala wodini ni kukesha. Na huyohuyo siku ya mapumziko hupanda kitandani saa 4 usiku, usingizi ukamjia saa 7. Kwake vyote viwili ni kulala.

Halafu saa zenyewe. Kwenye chati anaandika 0100, akifika nyumbani anasema saa saba usiku. Kuna karatasi ilisema mtu kalala "saa 10", kaamka "saa 12". Kapata saa mbili? Au nane, ikiwa ile kumi ni ya Kizungu? Kipimo cha Pittsburgh, dodoso la ubora wa usingizi la mwaka 1989, kinauliza saa za kulala na kuamka, kwa hiyo kosa hili linaingia moja kwa moja kwenye alama.

Kile cha Charles Morin wa Chuo Kikuu cha Laval, Kanada, kinachopima ukali wa kukosa usingizi, hakiulizi saa. Kina maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 4, jumla 28. Hadi 7 hakuna tatizo la maana, kuanzia 15 tunaanza kuhangaika, 22 kwenda juu ni kali. Kifupi, na mtu anakijaza huku chai haijapoa. Ndiyo maana tunakipenda.

Sasa, kinaaminika? Watafiti wengi hukimbilia alfa ya Cronbach, namba ya kupima uaminifu wa dodoso iliyotoka 1951. Wakipata 0.70 wanashusha pumzi, wanaandika ripoti. Mimi alfa peke yake hainishibishi. Inatazama kama maswali saba yanavutana upande mmoja, basi. Niulize swali moja kwa maneno saba tofauti, alfa itapanda vizuri sana, na nitakuwa sijapima chochote kipya.

Linalonisumbua ni kupima na kurudia. Ukimpima mgonjwa presha, ukarudia baada ya dakika tano na namba zikaruka mno, unakagua mashine, unakagua kile kitambaa cha mkononi. Presha yenyewe unaamini haijaenda mbali. Kwa usingizi wa muuguzi huwezi kuamini hivyo. Chukulia nimempa dodoso anapomaliza wiki yenye zamu za usiku, akapata 16. Narudi baada ya wiki mbili, ametoka kwenye zamu za mchana, anapata 9. Kompyuta itasema dodoso ni bovu. Dodoso halina kosa. Ratiba ya zamu ndiyo iliyobadilika. Na kinyume chake kipo: nikirudi baada ya siku mbili, atakumbuka alichojaza na kukinakili, nami nitajisifu bure.

Kwa hiyo kabla ya kugawa karatasi, nendeni kwa matroni mkaombe ratiba. Kila mtu apimwe mara zote mbili akiwa mahali palepale kwenye mzunguko wake, na tarehe ya zamu yake ya mwisho ya usiku iandikwe juu ya karatasi. Ni usumbufu, najua. Wanafunzi wangu hunilaumu kwa hilo kila mwaka.

Na kaeni na watu watano au sita wajaze huku wanasema kwa sauti wanachofikiri. Kuna swali linalouliza kama watu wengine wanaona jinsi usingizi mbaya unavyokuharibia maisha. Mmoja hakuzungushia namba. Aliandika pembeni: "Wanaoniona usiku ni wagonjwa, na wao wamelala." Tumpe 0 au 4? Tulibishana mpaka chai ya saa nne ikapita.