Saa 167 zisizo na mwalimu: mhadhara kwa wanaojiandaa kwenda kusoma Uingereza

Asanteni, kaeni. Mwenyekiti, wazazi wangu shikamooni. Vijana mliomaliza kidato cha sita, na ninyi dada na kaka wenye kazi na familia mnaotafuta shahada ya uzamili, habari za mchana.

Kila nikialikwa kuzungumzia vyuo vya Uingereza naulizwa mambo yale yale: chuo kipi kizuri, mji upi una Watanzania wengi, viza zinatoka au hazitoki. Nitayagusa. Lakini kuna swali ninalolisubiri kila mara na linaniuma likikosekana: nikishafika huko, Jumanne ya wiki ya tatu, toka asubuhi hadi jioni, nitakuwa nafanya nini? Watu wanauza kiwanja cha familia kulipia ada, na hawajui Jumanne yao itakuwaje.

Basi chukueni kalamu tuhesabu. Shahada ya kwanza ya England, ile ya miaka 3, ina krediti 360, yaani 120 kwa mwaka. Shahada ya uzamili ya mwaka 1 ina krediti 180. Kila krediti 1 huhesabiwa kuwa ni saa 10 za kazi yako wewe mwanafunzi. Kwa hiyo somo moja la krediti 20 ni saa 200. Sasa fungua ratiba yake. Utakuta, kwa mfano, mhadhara wa saa 2 kwa wiki na semina ya saa 1, kwa wiki 11. Zidisha. Ni saa 33. Toa kwenye 200. Zimebaki 167, na hizo hazina mwalimu, hazina kengele, hazina mtu wa kukuuliza umeamka saa ngapi.

Wanaokwenda kusoma uuguzi, uhandisi au maabara watakuwa na saa nyingi zaidi za kukaa na mwalimu. Lakini wengi wenu hapa mnakwenda kusoma biashara, sheria, maendeleo, uhusiano wa kimataifa. Hesabu hii ni yenu.

Vijana wetu wanaoteleza kule, wengi hawaangushwi na Kiingereza. Nimefundisha huko miaka mingi na hili nalisema kila ninakosimama. Wanaangushwa na hizo saa 167. Mliosoma Mlimani au Dodoma mnayajua maisha ya madesa: mwalimu anatoa noti, noti zinakwenda steshenari, zinatolewa kopi, mnakutana vimbweta, zile meza za zege za nje, kwa ajili ya diskasheni, mnapitia mitihani ya miaka iliyopita, mnaingia chumba cha mtihani. Silidharau hilo, maana diskasheni ya vimbweta imewafundisha watu wengi kufikiri. Ila kule desa halipo. Slaidi atakazoweka mwalimu mtandaoni ni vichwa vya habari tu. Masomo yenyewe yako kwenye orodha ya usomaji: wiki hii makala mbili za jarida na sura moja ya kitabu, wiki ijayo hivyo hivyo, na hayo kwa somo moja kati ya matatu au manne unayosoma kwa mpigo. Unatakiwa uwe umeyasoma kabla ya semina, siyo baada.

Semina yenyewe ni watu 15 au 20 wamezunguka meza. Mwalimu anauliza: mwandishi huyu amekushawishi? Kimya. Kijana wetu ana jibu, tena zuri, lakini amelelewa kwamba mkubwa akiandika kitabu wewe mdogo husimami kusema amekosea. Malezi hayo ni mazuri na sitaki myaache nyumbani. Nataka mjue kwamba mwalimu yule, anayetaka hata umwite kwa jina lake la kwanza, ukinyamaza hakuoni una adabu. Anaona hujasoma.

Halafu inakuja insha. Maneno 3,000, pengine ndiyo inayobeba alama zote za somo, au nusu yake. Tarehe ya kukusanya imejulikana tangu wiki ya kwanza, na hakuna atakayekukumbusha. Ukichelewa, vyuo vingi hukata alama kwa kila siku inayopita. Inarudi: 58. Kijana aliyezoea 80 shuleni ananipigia simu usiku analia kwamba amefeli. Hajafeli. Kule, kwa shahada ya kwanza, 70 kwenda juu ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni la pili la juu, 50 hadi 59 ni la pili la chini, 40 hadi 49 ni la tatu. Kwa uzamili kufaulu huanzia 50. Alama ya 80 ni ya nadra. Lakini chini ya ile 58 kuna sentensi ambayo nimewaandikia wanafunzi wengi kuliko nyingine yoyote: umeeleza mno, hukuchambua.

Maana yake ni nini? Tuchukue mada tunayoijua wote. Swali linasema: kwa nini vijiji vya ujamaa havikuongeza mavuno kama ilivyotarajiwa? Mwanafunzi wa kwanza anaandika: Azimio la Arusha lilitangazwa 1967, ikafuata Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa, kukawa na ukame wa 1973 na 1974, bei ya mafuta ikapanda. Yote kweli. Hiyo ndiyo 58. Mwanafunzi wa pili anaandika: wapo wanaolaumu ukame na bei ya mafuta, na hoja yao ina nguvu kwa miaka ile miwili. Lakini mvua iliporudi, je, mavuno yalirudi kila mahali, au mashamba yaliyokuwa mbali na vijiji vipya yaliendelea kudorora? Takwimu za nani zinatuonyesha hivyo, na zilikusanywaje? Huyu anazipima hoja za watu, anachagua upande, anasema kwa nini, na anaeleza ni wapi anaweza kupingwa. Anakwenda kwenye 68, hata Kiingereza chake kikiwa na makosa ya hapa na pale. Hilo linafanyika ndani ya zile saa 167. Usiku mmoja kabla ya tarehe haulitoshi.

Najua mzazi mmoja anasema moyoni: kama mwanangu atajisomea mwenyewe, nalipa pauni maelfu za nini? Swali la haki kabisa, mama, na nalijibu. Unalipia maktaba yenye majarida ambayo hapa nyumbani tunayaomba kwa marafiki, na maktaba nyingine hazifungwi usiku. Unalipia mkutubi wa fani yako, ambaye kazi yake ni kukuonyesha namna ya kutafuta. Unalipia kitengo cha kufundisha uandishi wa kitaaluma, ambacho mwanafunzi hatozwi senti ya ziada. Unalipia saa ambazo kila mhadhiri ametenga kwa wiki ili mwanafunzi yeyote agonge mlango wake. Na unalipia yale maoni chini ya insha. Kinachonikasirisha, na naomba mniwie radhi kwa ukali huu, ni kwamba wanafunzi wetu ndio wasiogonga ule mlango. Wanaona aibu. Nimekaa ofisini saa nzima peke yangu, na kwenye orodha yangu nina Watanzania na Wakenya wenye alama 52 wanaoogopa kunisumbua. Nisumbueni! Mmeshalipa!

Wazee nao hunikumbusha kwamba Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh, 1949 hadi 1952, na kwamba chuo chetu kilipoanza 1961 kwenye jengo la TANU pale Lumumba kilikuwa kikitoa shahada za London. Kweli. Ndiyo maana tuna picha ya chuo cha Uingereza kichwani: majengo ya mawe, watu wachache, profesa anayekujua kwa jina. Picha hiyo ni ya zamani. Leo vyuo vya Uingereza vina wanafunzi wanaokaribia milioni 3. Mwaka 1992 vyuo vya ufundi vilivyoitwa politekniki viliruhusiwa kuwa vyuo vikuu. Ada ya England ilianza 1998 ikiwa pauni 1,000 kwa mwaka, 2006 ikaruhusiwa kufika 3,000, 2012 ikafika 9,000, na kwa mwaka wa masomo wa 2025/26 ni 9,535 kwa mwanafunzi wa nyumbani. Mwaka 2015 serikali ikaondoa kikomo cha idadi ya wanafunzi wa nyumbani ambao chuo kinaweza kuchukua. Kumbi zikajaa.

Ada yako wewe mgeni haina kikomo. Chuo chenyewe ndicho kinaipanga, na kwa kuwa ile ya mwanafunzi wa nyumbani iliganda miaka mingi huku gharama zikipanda, vyuo vingi vinaishi kwa ada za wageni. Mei 2024 mdhibiti wa elimu ya juu wa England alisema asilimia 40 ya vyuo vilitarajia kufunga mwaka ule na nakisi. Januari 2025 chuo kikuu cha Cardiff kilitangaza mpango wa kupunguza nafasi 400 za wanataaluma. Septemba mwaka huo huo Kent na Greenwich wakatangaza kwamba wanakusudia kuungana. Siyasemi haya kuwatisha. Nayasema ili mjue kwamba wanawahitaji, na anayehitajiwa ana haki ya kuuliza. Uliza: masomo ya hiari yaliyoandikwa kwenye tovuti yatafundishwa mwaka wangu, au yalifundishwa mwaka juzi? Semina ina watu wangapi? Kozi ikifungwa nikiwa katikati, mna mpango gani wa kunilinda? Kariakoo hununui kitenge bila kukikunjua, iweje shahada?

Na wakala. Wakala anayekuhudumia bure pale mjini analipwa na chuo, kwa kila mwanafunzi anayeandikishwa. Wapo mawakala waaminifu sana, nimefanya nao kazi. Lakini akikwambia chuo fulani ndicho kinachokufaa, muulize ana mkataba na vyuo vipi, na chuo ulichokitaka wewe kimo? Swali moja tu. Jibu lake litakueleza mengi.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo haya yaliyobaki nayakimbiza.

Majina. Chuo Kikuu cha Oxford na Oxford Brookes ni vyuo viwili tofauti katika mji mmoja. Brookes ilikuwa politekniki, ni chuo halali na kina kozi nzuri, ila ujue umeomba kipi. Msidharau hivyo vya 1992. Katika uuguzi, usanifu au uhandisi, baadhi yao watakufundisha kwa vitendo kuliko chuo chenye jina kubwa. Vilevile vyuo vya mbali kama Sunderland, Northumbria na Ulster vina matawi London. Angalia barua yako inasema kampasi gani, maana maisha ya London ni ghali na kampasi ya tawi haina kila kitu kilichoko makao makuu.

Familia. Kwa kozi zilizoanza tangu Januari 2024, anayesoma uzamili wa darasani haruhusiwi tena kuja na mke, mume au watoto, isipokuwa kozi za utafiti na baadhi ya wanaofadhiliwa na serikali. Dada zangu wenye watoto wadogo, hilo liamuliwe nyumbani kabla ya kulipa amana. Nimeona machozi mengi kwa ajili yake.

Kazi ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, mwisho. Msipange ada itoke humo, haitoki, na zile saa 167 zitakufa. Tozo ya afya ni pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, unalipa yote unapoomba. Fedha za kujikimu lazima ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo. Msikope za siku mbili kwa jirani. Ruhusa ya kubaki baada ya kuhitimu ilikuwa miaka 2. Kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027 ni miezi 18, na wenye uzamivu ni miaka 3.

Scotland nilitaka kuieleza kwa kirefu, nitasema tu kwamba shahada ya kwanza kule ni miaka 4. Akili mnemba: kila somo lina sheria yake, isome kabla hujaandika hata sentensi moja, maana wanaoitwa mbele ya kamati za udanganyifu mara nyingi ni wale ambao hawakuisoma. Ufadhili wa Chevening, wa serikali ya Uingereza, na ule wa Jumuiya ya Madola, tutazungumza kwenye maswali.

Sasa, wenye barua za kukubaliwa, msiondoke. Zileteni hapa mbele tuzisome pamoja, tuanze na ukurasa wa masharti. Na ambao bado hamjaomba, fungueni simu zenu, ingieni kwenye kozi mnayoitaka, tafuteni orodha ya masomo na saa zake. Yule kaka wa pale nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja wakala, karibu, anza wewe.