Miaka mitatu ya kwanza ya mpango wa miaka ishirini

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, ndugu zangu mliokuja jioni hii, asanteni.

Nimeombwa nizungumzie maendeleo ya awali ya mpango wa muda mrefu wa jiji. Yaani ule wakati mpango wa miaka 20 unapofika mwaka wa pili au wa tatu, vitabu vyake vyenye picha za rangi vimeshaingia vumbi, na watu wanaanza kuuliza: mbona hatuoni kitu? Swali hilo ni halali kabisa. Wasiwasi wangu uko kwenye majibu tunayoyatoa.

Jibu tulilolizoea ni asilimia. "Utekelezaji umefikia asilimia 40." Nimeandika ripoti za namna hiyo kwa mkono wangu, kwa hiyo naweza kuwaeleza zinavyopikwa. Unachukua orodha ya shughuli za mpango, tuseme ziko 80. Kuandaa warsha ni shughuli moja. Kuunda kamati ni shughuli moja. Kujenga mtaro mkuu wa maji ya mvua, nako ni shughuli moja. Mwaka wa kwanza unamaliza warsha zote na kamati zote, mtaro hujaugusa, na kwenye karatasi umeshafika mbali. Hakuna aliyesema uongo hata neno moja. Mvua zikija, maji yanaingia vyumbani mwa watu kama yalivyoingia mwaka juzi.

Halafu kuna utepe. Mimi nimehudhuria sherehe za kukata utepe nyingi kuliko harusi za jamaa zangu, na sizibezi. Mtu aliyepita gizani miaka kumi ana haki ya kuona taa inawaka mtaani kwake kabla ya kuambiwa habari za mwaka wa ishirini. Ila taa ina balbu, balbu inaungua, na siku ya utepe sijawahi kumsikia mtu akiuliza nani atanunua nyingine.

Mimi hupenda kupima kwa swali hili: uongozi ukibadilika kesho, kilichofanyika kinafutika kwa urahisi gani? Warsha imeshajifuta yenyewe. Kamati inafutwa kwa barua moja. Lakini ardhi ya barabara iliyopimwa, wenyewe wakalipwa fidia, ikaandikishwa, hiyo haifutiki kirahisi. Fungu la matengenezo lililoingia kwenye bajeti ya kila mwaka, si kwenye fedha za mradi, nalo ni gumu kulifuta, kwa sababu lina mafundi wanaolitegemea na wananchi waliokwisha kulizoea. Mambo haya hayapigwi picha. Na mara nyingi ndiyo maendeleo pekee yaliyopatikana katika miaka ya mwanzo.

Wapenzi wa miji wanaipenda sana hadithi ya Curitiba, Brazil. Mwaka 1972 meya Jaime Lerner aliamua kuwafungia magari barabara kuu ya katikati ya jiji na kuwapa watembea kwa miguu. Wenye maduka walikuwa hawataki. Kazi ikafanywa mwishoni mwa wiki, kwa saa 72, na wenye maduka walipofungua milango wakakuta mawe yametandikwa na maua yamepandwa. Baadaye wafanyabiashara wenyewe wakaomba eneo liongezwe. Hadithi tamu, na kila meya mpya akiisikia anataka saa 72 zake.

Kinachoachwa ni kwamba mpango wenyewe ulipitishwa mwaka 1966, na mwaka mmoja kabla yake jiji lilikuwa limeunda taasisi ya kudumu ya kuusimamia. Miaka sita, basi, ya kuchora, kuhesabu na kubishana ofisini, ndipo zikaja zile saa 72. Lerner mwenyewe aliwahi kuiongoza taasisi hiyo kabla ya kuwa meya. Na mwaka 1974 njia maalumu za mabasi zilipoanza kazi, zilifuata mistari iliyokuwa imeshachorwa. Mwandishi wa habari angefika Curitiba mwaka 1969 angeandika kwamba mpango umekufa.

Nikae kidogo Medellín, Colombia, maana huko kuna jambo ambalo sisi wa mipango tunalikosea karibu kila mara.

Mwaka 1991 jiji lile lilikuwa na mauaji zaidi ya 300 kwa kila wakazi 100,000. Ni idadi ya vita. Mwaka 2004 likafungua kebo ya abiria, yaani vyumba vidogo vinavyobeba watu vikining'inia kwenye waya, iliyounganishwa na treni ya jiji, ikapanda hadi kwenye makazi duni ya mlimani, na kuizunguka yakajengwa madaraja ya miguu, shule, maktaba na viwanja vya wazi. Mauaji yakapungua. Kila mtu akaanza kuisifu kebo.

Sasa ngojeni. Mauaji yalikuwa yanapungua jiji zima, hata kule ambako kebo haikufika. Sifa ni ya kebo, au ni ya wakati? Mtu mwenye mpango wake wa kuutetea hapendi kuulizwa hivyo. Kwa bahati nzuri, watafiti walikuwa na takwimu za mwaka 2003, kabla ya kebo. Wakarudi mwaka 2008 katika mitaa iliyoguswa na mradi, na katika mitaa mingine inayofanana nayo ambayo haikuguswa, wakalinganisha. Kushuka kwa mauaji katika mitaa ya mradi kulizidi kwa asilimia 66 kule kwa mitaa mingine.

Utafiti ule ungeshindikana kama kazi ya mwaka 2003 isingefanyika. Hapo ndipo tunapokosea. Takwimu za awali, yaani hali ya mtaa kabla hujaweka jembe, huwa tunaziahirisha kwa sababu zinakula fedha na hazina utepe. Mwaka wa nane tunatafuta ushahidi, na hali ya mwaka wa kwanza haipimiki tena. Unaweza kujenga barabara kwa kuchelewa. Huwezi kuhesabu jana kwa kuchelewa. Kwa hiyo mkiniuliza mwaka wa kwanza utumike kwa nini, nitasema hesabu: nyumba ngapi zinaingiwa na maji, mtu anatembea dakika ngapi hadi kituo cha basi, watoto wangapi wanavuka barabara kubwa kwenda shule. Hesabu hizohizo zifanywe pia kwenye mitaa ambayo haimo kwenye mradi. Najua hilo linauma kisiasa, kwenda kumhesabu mtu ambaye hutamjengea kitu.

Na kwa kuwa tulitaja picha: jengo lililopigwa picha kuliko yote katika mradi ule wa Medellín lilikuwa maktaba ya mawe meusi juu ya mlima, iliyofunguliwa mwaka 2007. Baadaye ikabidi ifungwe kwa sababu ya kasoro za ujenzi. Kebo inaendelea kupandisha watu.

Kuhusu kushirikisha wananchi nitapita haraka, kwa sababu kila mpango una sura yake inayohusu hilo na nyingi zinafanana. Nitasema tu kwamba jiji la Porto Alegre, Brazil, lilipoanza mwaka 1989 kuwaruhusu wakazi kupanga bajeti, liligundua kwamba mishahara inameza karibu mapato yote. Watu walikuja, wakaorodhesha mahitaji, na hela haikuwapo. Mahudhurio ya miaka ile ya mwanzo yalikuwa madogo. Yalipanda hadi maelfu baada ya jiji kurekebisha kodi zake na kazi kuanza kuonekana mitaani. Kabla ya kuita mkutano, basi, hakikisheni kuna kitu cha kugawana.

Namaliza na Chicago, mpango wa mwaka 1909. Una dosari zake. Kuhusu nyumba za maskini ulisema machache mno. Lakini tazameni walichokifanya mapema. Mwaka 1911 tume ya mpango ilitoa kitabu cha kiada kilichoueleza, na mwaka uliofuata kikaanza kusomwa na wanafunzi wa darasa la nane katika shule za jiji. Mwaka huohuo wa 1912 Daniel Burnham, aliyeongoza uchoraji wa mpango, akafariki. Daraja kubwa la Michigan Avenue, mojawapo ya kazi ambazo mpango ulikuwa umezitaka, lilifunguliwa mwaka 1920. Mtoto aliyekisoma kile kitabu akiwa na miaka 13 alikuwa sasa na miaka 21, umri wa kupiga kura wakati ule, na miradi mingi ya mpango ilihitaji mikopo ambayo lazima iidhinishwe kwa kura.

Mwenyekiti, nimebakiza dakika chache. Nipokee maswali, nikianza na yule mama wa nyuma ambaye mkono wake uko juu tangu nilipotaja mtaro.